Kuku wa Serikali Aingia kwa Mzazi

Haya hayakutokea hapa petu. Hapa petu mambo ni shwari, na asiyeamini afungue redio. Yalitokea Shibani, nchi iliyo mbali kidogo, ambayo mtu akitoka huko haulizwi ameona nini, kwa usalama wake na wa anayeuliza.

Mwaka huo uchumi wa Shibani ulianguka. Mimi nasema ulianguka kwa kuwa si mwananchi wa kule na hawawezi kunishtaki. Wenyewe walikatazwa neno hilo. Wizara ya Neema na Muonekano ilitangaza kwamba uchumi haujaanguka, ila umeketi, kwa sababu ulikuwa umesimama muda mrefu na mtu yeyote mwenye huruma angeupisha kiti. Wananchi wakaupisha. Viwanda vikafungwa milango ili visiusumbue. Mafundi wa ujenzi wakaacha kugonga nyundo. Maduka yakabaki na rafu na wenye maduka, basi.

Katika mtaa wa Vumilia Chini, watu walijifunza kuishi na uchumi ulioketi. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa juu ya bati, yakachemshwa tena hadi yakasahau yalikuwa majani ya nini. Mafuta ya kupikia yalinunuliwa kwa kijiko, na muuza duka alimshika mteja mkono asije akakilamba hapo hapo. Na mtaa mzima ulikuwa na kitunguu kimoja. Kilifungwa kwa uzi mweusi wa kushonea viatu, na kila jioni kilipita nyumba hadi nyumba. Mpishi hukichovya kwenye mchuzi, humsalia Mtume kimoyomoyo, kisha hukivuta na kumpelekea jirani kikiwa bado cha moto. Aliyekizamisha kupita kiasi alisemwa hadi msibani.

Mtunza kitunguu alikuwa Bi Sikudhani, mjane mwenye mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Kitunguu hupewa mtu mwadilifu, na Bi Sikudhani alikuwa mwadilifu kiasi kwamba alijisema mwenyewe siku alipokizamisha sana. Mwanawe Shomari, fundi mwashi, alikuwa amekwenda nchi jirani kutafuta ukuta wa kujenga. Nyumbani alimwacha mkewe Mwajabu akiwa na tumbo kubwa na mama yake akiwa na kitunguu.

Mwajabu akajifungua salama, mtoto wa kike. Bi Sikudhani akapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka, kisha akakaa mlangoni akalia kidogo. Furaha ilikuwepo, ila alijua kinachofuata.

Kule Shibani mzazi hunyweshwa supu ya kuku. Si jambo la anasa. Kuku wa kienyeji, pilipili manga ya kutosha, tangawizi na ndimu, anywe huku akitokwa na jasho, ndipo maziwa yashuke. Majirani walikuja kumwona mtoto, na kwa kuwa mtu haingii kwa mzazi mkono mtupu, kila mmoja alileta alichonacho. Mama Havijawa, jirani wa ukuta mmoja, alileta pilipili manga iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Mke wa fundi cherehani akaleta tangawizi. Mwingine ndimu, mwingine kuni, mwingine chumvi na pole nyingi. Kila kitu cha supu kilikuwepo isipokuwa supu. Kuku wa mwisho wa Vumilia Chini alikuwa ameliwa zamani, na watu walikuwa bado wanamzungumzia kwa heshima kama marehemu mwenye watoto.

Mwajabu akanywa uji wa chumvi. Maziwa hayakushuka. Mtoto alilia, tena alilia vizuri tu mwanzoni, halafu kila kukicha sauti ikawa inapungua. Hilo ndilo lililomtia Bi Sikudhani hofu. Kelele za mtoto alizizoea. Kimya chake kilimwogopesha, na alisimama mara kwa mara nyuma ya pazia kusikiliza kama anapumua.

Ndipo Serikali ikamkumbuka.

Alikuja Bwana Ligumba, Afisa Msimamizi wa Kikapu, akiwa na koti kubwa lililomzunguka kama lilikuwa la mtu mwingine. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi, ila chagua kiti hicho cha kushoto. Hicho kingine hakina mguu."

"Mama, nyumba yako imeteuliwa."

"Kwa kosa gani?"

Bwana Ligumba akaeleza. Watu wa Mkopo walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo. Watu hao wana tabia moja: hawakopeshi nchi yenye njaa, maana mwenye njaa atakula mkopo. Hukopesha nchi iliyoshiba. Kwa hiyo Wizara ilikuwa imetengeneza Kikapu cha Taifa, kikapu kimoja kizuri kilichojaa vyakula, nacho kingepelekwa nyumba hadi nyumba, mbele kidogo ya wageni, ili kila watakapoingia wakikute sebuleni. Kikiisha kuonekana, kinatolewa kwa mlango wa uani na kukimbizwa nyumba inayofuata.

"Kumbe ni kama kitunguu chetu," alisema Bi Sikudhani.

"Hapana mama, hiki kina bajeti."

"Na ndani mna nini?"

Bwana Ligumba akatazama mlangoni, akashusha sauti. Mchele ulikuwa mchanga, ila juu umetandazwa mchele. Mafuta yalikuwa chai baridi. Samaki alikuwa wa mbao, amechongwa na msanii mwenye tuzo. Kitu halisi kilikuwa kimoja tu, kuku. Walijaribu kuku wa pamba, lakini katika mazoezi ya mtaa mwingine mtu mmoja akamgusa, akaondoka na kichwa. Tangu hapo Wizara ikaajiri kuku wa kweli.

"Mkamwajiri?"

"Ni mtumishi wa umma, mama. Ana cheo na ana mlinzi. Yuko garini, kiti cha mbele."

Bi Sikudhani akachungulia dirishani. Kweli, katika kiti cha mbele, akiwa na utepe wa rangi za taifa mguuni, alikaa kuku mkubwa mwekundu mwenye mapaja ya kushiba mtama wa bajeti. Akamwangalia Bi Sikudhani kwa jicho moja, jinsi maofisa wanavyoangalia. Bi Sikudhani akameza mate, na ninaamini hata wewe ungemeza.

Mazoezi yakaanza. Majirani waliitwa, wakagawiwa vijiti vya kuchokoa meno, vijiti ambavyo vilikuwa mali ya Serikali na vingerudishwa baada ya shughuli. Bwana Ligumba akawafundisha kukaa kama watu waliotoka kula.

"Tutakuwa tumekula nini?" aliuliza Mama Havijawa.

"Hilo halimo katika maelekezo. Ninyi egemeeni ukuta, mchokoe meno taratibu. Mimi nikikohoa, mnacheua. Msicheue kwa pamoja, itaonekana tumepanga. Wazee kwanza, kisha kina mama, kisha wengine."

Wakajaribu. Ni kazi ngumu kucheua ukiwa na tumbo tupu. Fundi cherehani alijitahidi hadi akapata kwikwi, na Bwana Ligumba akasema hiyo pia inafaa.

"Mwanangu," alisema Bi Sikudhani, "humu ndani nina mzazi."

"Ana sura gani?"

"Ya mtu asiyekula."

"Basi abaki nyuma ya pazia. Sura za namna hiyo zinaharibu takwimu. Na mtoto asilie wageni wakiwepo."

"Siku hizi halii sana," alisema Bi Sikudhani.

Bwana Ligumba akayaacha maelekezo katikati. Akatazama pazia. Mkono wake ukaenda kwenye mkanda wake wa suruali, mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari, na ukabaki hapo. Kisha akaaga kwa adabu, akavaa viatu, akaenda kumfungulia kuku dirisha apate hewa.

Jioni hiyo kitunguu kilichelewa kuondoka. Bi Sikudhani na Mama Havijawa walikaa uani, uzi ukining'inia kati yao.

"Shoga, nimemwona," alisema Bi Sikudhani. "Mapaja haya hapa. Mwajabu angekunywa supu yake siku mbili, maziwa yangemwagika mpaka kwa jirani."

"Kuiba kuku wa Serikali ni uhaini. Watakufunga, na huyu mzazi atabaki na nani?"

"Ndiyo maana siibi."

Mama Havijawa akakuna kichwa kwa kijiti cha Serikali. Halafu akaanza kucheka polepole, cheko la chini kwa chini lililomtikisa mabega.

"Bi Siku, kwani kuku akiletwa kwa mzazi anaibiwa? Si anapokewa?"

Hapa niwaeleze wageni wa mambo ya Shibani. Kule, kitu kikivushwa kizingiti cha nyumba ya mzazi kwa mkono wa mgeni, kikapokewa kwa kigelegele, hakitoki tena. Mchumba hurudishwa, pamoja na mahari ya watu, lakini kuku wa mzazi harudi. Aliyewahi kumrudisha, wazee wanasema, jina lake lilifutwa hata kwa ndugu zake, ndiyo maana hawezi kutajwa. Kila mtoto wa Shibani anaijua desturi hii. Wizara nayo ilikuwa imejaa watoto wa Shibani, ila walikwenda kusomea Muonekano ng'ambo miaka mingi, wakarudi wanajua kufunga tai tu.

"Na kigelegele kikikataliwa?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Basi tutafungwa wote, na gerezani nasikia wanakula maharage."

Bi Sikudhani hakucheka. Usingizi ulimpitia mbali. Alikuwa mwanamke wa kusema kweli, na hakuwahi kuchukua hata punje ya mtu, na sasa alikuwa anapanga kuinyang'anya Serikali kuku hadharani. Akamwendea Mwajabu, akamgusa paji la uso, akamgusa na mtoto. Mtoto akafungua mdomo kutafuta, asipate, akaufunga. Bi Sikudhani akasema kwa sauti, kama kuna mtu anabishana naye, "Basi na iwe."

Siku ikafika. Nyumba ya Bi Sikudhani ilikuwa imepakwa rangi ukuta wa mbele tu, maana wageni hawakupangiwa kuzunguka nyuma. Kikapu kikaingizwa sebuleni, kuku akiwa juu, utepe mguuni. Majirani wakaegemea kuta. Redio ya Taifa ikaweka kipaza sauti. Kisha wakaingia Watu wa Mkopo, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye miwani, na mkalimani wake akimfuata kama mkia. Nyuma yao akaingia Waziri wa Neema na Muonekano, Mheshimiwa Profesa Mbwembwe, tumbo kwanza.

"Wageni wetu watukufu!" alianza Profesa Mbwembwe. "Msisikilize uvumi wa maadui. Ni kweli zamani palikuwa na njaa hapa Shibani. Serikali yangu iliipiga, ikakimbilia nchi jirani, na sasa tuko katika mazungumzo na jirani ili wasiirudishe. Tazameni nyuso hizi! Mtu mwembamba mnayemwona ni mtu aliyechagua kuwa mwembamba. Tumewapa wananchi uhuru wa kutokula, na wengi wanautumia."

Bwana Ligumba akakohoa. Wazee wakacheua. Kina mama wakacheua. Fundi cherehani akapata kwikwi. Mama mwenye miwani akaandika kitu.

"Na hiki ni kikapu cha kawaida cha nyumba ya kawaida!" Profesa Mbwembwe akainama, akamchukua kuku kwa mikono miwili, akamwinua juu wapiga picha wamwone, maana itifaki ilisema hivyo. "Kuku kama huyu, kwa mwananchi wetu, ni kitafunio!"

Hapo nyuma ya pazia mtoto akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama mlango wa kabati unaofunguliwa. Mama mwenye miwani akageuka na kuuliza, na mkalimani akauliza kuna nini pale.

Bi Sikudhani akalivuta pazia.

Mwajabu alikuwa ameketi kitandani, kanga kichwani, mtoto kifuani. Hakuna aliyemfundisha kuchokoa meno. Sebule nzima ikamwona.

"Ni mzazi wetu," alisema Bi Sikudhani. Akapiga magoti mbele ya Waziri, akanyoosha mikono miwili, akamshika kuku kwa upande wa mapaja. "Ahsante, baba! Tulikuwa tunasema Serikali imetusahau, Mungu atusamehe. Kumbe Mheshimiwa umekuja mwenyewe kumwona mzazi, tena hukuja mkono mtupu. Umemletea kuku!"

Akapiga kigelegele.

Mama Havijawa akakidaka uani. Mke wa fundi cherehani akakidaka barabarani. Kikapita nyumba hadi nyumba kwa njia ile ile ya kitunguu, hadi mwisho wa mtaa, na huko wanawake wasiojua kinachoendelea nao wakapiga, maana kigelegele hakiulizwi. Redio ya Taifa ikakirusha nchi nzima.

Waziri hakumwachia kuku. Alitabasamu kwa meno yote na kuvuta. Bi Sikudhani naye, kwa heshima zote, akavuta. Kuku akanyooka katikati, akitazama huku na huku kama mtumishi ambaye ofisi mbili zinamgombea.

Mkalimani alikuwa anamweleza mama mwenye miwani, na mama mwenye miwani akavua miwani, akaipangusa. "Anasema," alisema mkalimani, "kwao waziri hajui hata mzazi anakaa wapi. Anasema hajawahi kuona jambo zuri namna hii."

Profesa Mbwembwe akamgeukia Bwana Ligumba. Macho yake yalisema waziwazi: wewe ndiye msimamizi wa kikapu, toa sababu. Taja kanuni. Sema kuku ni mgonjwa. Bwana Ligumba alikuwa na kanuni zote kichwani, hilo hakuna anayebisha. Akamtazama Waziri. Akamtazama Mwajabu na yule mtoto.

Akakohoa.

Mtaa mzima ukacheua. Safari hii hawakufuata zamu. Walicheua kwa pamoja, wazee kwa wadogo, kwa nguvu ambayo hata wao iliwashangaza. Mama mwenye miwani akapiga makofi, wenzake wakafuata, na kipaza sauti cha Redio ya Taifa kikasogezwa mdomoni mwa Waziri.

Mwanasiasa na kipaza sauti, wenyewe mnajua.

"Naam!" alinguruma Profesa Mbwembwe, na mikono yake ikamwachia kuku ili ipate nafasi ya kupunga. "Huyu ni mwanzo tu! Kuanzia leo, kila mzazi wa Shibani ana kuku wake Serikalini!"

Kabla makofi hayajaisha kuku alikuwa ameshapita uani. Fundi cherehani alikuwa ametia kisu makali kwenye ngazi tangu asubuhi. Akasoma bismillahi, na utumishi wa umma ukakoma hapo hapo, utepe ungali mguuni.

Yaliyofuata mliyasikia kwenye redio, kama redio yenu inashika Shibani. Kikapu kilifika mtaa wa pili kikiwa na mchanga, chai baridi na samaki wa mbao, na mgeni mmoja akaomba apewe huyo samaki. Watu wa Mkopo waliandika kwamba nchi inayompa kila mzazi kuku haina haja ya mkopo wowote, wakaipongeza Serikali, wakapanda ndege. Wazazi wa Shibani walijipanga mbele ya Wizara na watoto wao migongoni, kila mmoja akiulizia kuku wake Serikalini. Wizara ikatoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa hakuahidi kuku, aliahidi mchakato wa kuku, na kwamba kamati imeshasafiri nchi tatu za baridi kujifunza kuku. Kuhusu yule mtumishi mwekundu, ilitangazwa kwamba amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Ni taarifa pekee ya Wizara mwaka huo iliyokuwa na ukweli mtupu.

Na Mwajabu akanywa supu. Alikunywa huku jasho linamtiririka na Mama Havijawa anamsimamia kama mkaguzi, "Maliza, maliza na huo." Nyama iligawanywa hata kwa walioleta kuni. Siku ya pili, maziwa yakashuka. Yalishuka mengi hadi kanga ikalowa, na mtoto akanyonya kwa hasira, akimsukuma mama yake kwa ngumi, na alipotolewa akalia kwa sauti iliyowafikia wa mwisho wa mtaa. Bi Sikudhani akakaa mlangoni pale pale alipokaa mara ya kwanza. Safari hii alilia mpaka akachoka.

Mfupa wa shingo hakuutupa. Aliufunga kwenye uzi mweusi, kando ya kitunguu.

Alikuwa anafunga fundo la pili Bwana Ligumba alipobisha hodi. Hakuwa na gari. Koti nalo hakuwa nalo, na bila koti alionekana nusu ya mtu. Bi Sikudhani akauacha uzi. Akaingia ndani haraka, akarudi na fungu la vijiti vya kuchokoa meno na utepe wa rangi za taifa.

"Vijiti vyenu hivi hapa, mwanangu, hakijapungua hata kimoja. Na utepe wa marehemu. Manyoya nimeyaweka kwenye mfuko kama mtayahitaji."

"Shikamoo mama," alisema Bwana Ligumba. Hakuvipokea. Alitazama chini, mkono mkandani, akawa anatafuta pa kuanzia, yeye aliyekuwa na maelekezo ya kila kitu. "Sikuja kwa kazi. Kazi wamenisimamisha. Mama... mke wangu naye amejifungua. Juzi. Nilipokuja hapa ile siku ya mazoezi alikuwa karibu. Nimekwenda Wizarani kuulizia kuku, wameniambia nisubiri kamati." Akainua macho. "Nimesikia mtaani mna uzi."

Bi Sikudhani aliviweka vijiti chini. Alikuwa na maneno mengi yaliyonyooka ya kumwambia kuhusu sura zinazoharibu takwimu, na yote yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake akauchukua ule uzi, akamfungia kwenye kipande cha jani la mgomba pamoja na pilipili manga iliyobaki.

"Chovya polepole. Usiuache sufuriani ukaenda kuongea. Na kesho asubuhi urudi hapa, watu wanausubiri."

"Nitaurudisha, mama."

"Mkeo mwambie nitakuja kumwona mtoto. Sitakuja mkono mtupu."

Bwana Ligumba akataka kushukuru, akakohoa.

Nyuma ya pazia, mtoto wa Mwajabu, ambaye hakuhudhuria mazoezi yoyote, akacheua.